Redio zilipozimwa, simu zikaingia vitani

JUMATANO ya Mei 13, 2015, mchana, mitaa ya Bujumbura ilijaa watu waliosimama vikundi vikundi, kila kikundi kimeizunguka redio moja. Meja Jenerali Godefroid Niyombare, aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi na baadaye mkuu wa idara ya usalama wa taifa, alikuwa akitangaza kwamba Rais Pierre Nkurunziza ameondolewa madarakani. Rais mwenyewe alikuwa Dar es Salaam, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioitishwa kuzungumzia hiyo hiyo Burundi.

Tangazo lile halikupitia redio ya taifa. Lilisikika katika redio za binafsi, Isanganiro na Bonesha FM. Mtu asiyeijua nchi hii anaweza kuona hilo ni jambo dogo, lakini ndilo lililoamua mengi ya siku mbili zilizofuata.

Siku iliyofuata mapigano makali kuliko yote yalitokea kwenye jengo la RTNB, yaani redio na televisheni ya taifa. Askari wa upande wa mapinduzi walitaka kuliteka, na wale waliobaki watiifu kwa rais walililinda kwa mizinga na bunduki. Watu walikufa kwa ajili ya maikrofoni na mnara.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Aprili 27, siku moja baada ya maandamano ya kupinga muhula wa tatu kuanza, serikali ilikuwa imeifunga redio RPA na kuzima mitambo ya mikoani ya Isanganiro na Bonesha. Redio hizo mbili zikabaki zinasikika mjini tu. Mkulima wa Cankuzo, mvuvi wa Nyanza-Lac na askari wa kambi ya Ngozi walibakiwa na RTNB peke yake. Kwa hiyo aliyeishika RTNB ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuiambia nchi nzima rais ni nani.

Usiku ule, risasi zikiwa bado zinalia, mkuu wa majeshi, Jenerali Prime Niyongabo, alisikika katika redio hiyo ya taifa akisema jaribio la mapinduzi limeshindwa. Lilikuwa bado halijashindwa kabisa. Kwa maoni yangu, sentensi ile moja ilifanya kazi ya batalioni nzima, kwa sababu ofisa aliyekuwa kambini akisubiri kuona upepo unaelekea wapi aliusikia upepo kwa masikio yake.

Katika saa hizo hizo redio za binafsi zilikuwa zinashambuliwa. Rema FM, iliyojulikana kuwa karibu na chama tawala, ilivamiwa na kuchomwa na waandamanaji Mei 13. Usiku na asubuhi iliyofuata, watu wenye silaha walizishambulia RPA, Bonesha, Isanganiro na Radio-Télé Renaissance. Mei 15 rais alirejea Bujumbura, na waongozaji wa mapinduzi walikiri kushindwa. Bujumbura, mji uliokuwa umezoea kuamshwa na taarifa za habari za redio nne au tano zinazobishana, uliamka na redio moja.

Kwenye simu hali haikuwa nzuri pia. Tangu mwisho wa Aprili, WhatsApp, Facebook, Twitter na Viber zilikuwa zimezibwa kwenye mitandao ya simu. Vijana walipata njia ya kuzunguka, ile programu ya VPN inayoifanya simu ya Buyenzi ionekane kama iko Ulaya. Darasani kwangu wanafunzi waliojua kuiweka walikuwa wanatafutwa na wazazi wa wenzao kama mafundi wa mabomba. Wazee hawakuwa na hata hicho kidogo.

Sasa msomaji ajiulize: mji umejaa milio ya risasi, redio hakuna, simu zimezibwa nusu. Watu watakula nini masikioni?

Watakula uvumi. Kikundi fulani kimepewa orodha ya nyumba. Usiku wa leo watapita. Mpaka wa Mugina unafungwa kesho. Fulani kauawa, la, kaonekana Kigali. Mpaka katikati ya Mei watu zaidi ya 100,000 walikuwa wamekwisha kukimbilia nje ya nchi, wengi Tanzania na Rwanda. Sisemi kwamba walikimbia uvumi mtupu. Hofu ilikuwa na misingi yake, na waliouawa katika miezi ile walikuwa watu wa kweli, wenye majina na makaburi. Lakini familia inayojua hatari iko mtaa gani inaweza kuhamia mtaa mwingine. Familia isiyojua chochote inafunga virago inakwenda ziwani.

Ndivyo ilivyotokea Kagunga. Hicho ni kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania, chini ya mlima, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, hakina barabara. Makumi ya maelfu ya Warundi walirundikana pale. Kipindupindu kikaingia. Meli kongwe ya MV Liemba, iliyoundwa na Wajerumani kabla ya nusu ya nchi za Afrika kuwa na majina zilizonayo leo, ikawa inawabeba mamia kwa mamia kuwapeleka Kigoma, kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, na kutoka hapo mabasi ya kwenda Nyarugusu. Wasomaji wengi wa ukurasa huu walikuwa kwenye ile meli, au wanaye ndugu aliyekuwemo. Waulizeni ni nani hasa aliyewaambia waondoke. Mimi nimewauliza wengi, na kwa idadi kubwa jibu huwa ni jirani, naye jirani kaambiwa na mtu.

Katika Kirundi tuna neno dogo ambalo wageni wanaojifunza lugha yetu huwa hawalitilii maanani: ngo. Mtu akikwambia "ngo bagiye" anakwambia kwamba wameondoka, ila pia anakwambia kuwa yeye hakuwaona wakiondoka, amesikia. Kiswahili kina "eti" na "ati" zinazofanya kazi kama hiyo. Ni maneno ya heshima kubwa, ingawa tunayatumia ovyo. Yanamwonyesha msikilizaji kwamba bidhaa hii imepita mikono mingi kabla ya kufika kwangu.

Uvumi wa mdomo huwa unatembea na hiyo "ngo" yake. Ujumbe wa simu hautembei nayo. Mtu akiusambaza kama alivyoupokea, anayeupata hasomi "eti wameuawa", anasoma "wameuawa", tena kwa herufi kubwa, na chini yake kuna picha. Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya uvumi wa mwaka 1972, ambao wazazi wetu waliukimbia, na huu wa simu. Binadamu ni yule yule. Kilichodondoka njiani ni silabi moja.

Nilizaliwa na kusomea Katumba, makazi ya wakimbizi karibu na Mpanda, na nchi yangu niliijua kwanza kwa njia ya redio. Baba alikuwa na National yenye mfuko wa ngozi, na betri zake zilianikwa juani mpaka ziishe kabisa. Oktoba 21, 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa, wazee walikaa nje kuizunguka redio ile hadi usiku. Bujumbura, wanajeshi walikuwa wameishika redio ya taifa na kukata simu. Habari za Burundi tulizipata kutoka nje ya Burundi, mathalani Kigali, ambako waziri mmoja wa serikali iliyopinduliwa alizungumza katika Redio Rwanda akiwataka wananchi wapinge. Kila upande una hadithi yake juu ya yale matangazo na juu ya damu iliyomwagika mikoani baada yake, na wanahistoria hawajamaliza kubishana.

Wakati huo huo ilikuwepo tayari RTLM, redio iliyoanza kurusha matangazo Kigali Julai 1993. Yaliyofuata Aprili 1994 yanajulikana. Pengine hayajulikani sana yale ya kwetu: kwamba mwaka 1994 huo huo kulikuwa na redio ya siri iliyokuwa ikisikika kutoka upande wa Zaire, ng'ambo ya Uvira, ikiwahutubia Warundi, iliyoitwa Rutomorangingo. Mahakama ya Arusha ilikuja kuwahukumu Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze Desemba 2003, na rufaa ikaamuliwa Novemba 2007, vifungo vikiwa kati ya miaka 30 na 35. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kesi za Nuremberg kwa mahakama ya kimataifa kuwatia hatiani watu wa vyombo vya habari kwa kuchochea mauaji ya namna hiyo.

Redio imeponya pia. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Kirundi na Kinyarwanda yaliyopewa jina la Gahuzamiryango, maana yake kinachounganisha familia, na kweli yalikuwa yanasoma majina ya watoto na wazazi waliopoteana. Mwaka 1995 ilianzishwa Studio Ijambo hapa Bujumbura, ambako mwandishi Mhutu na mwandishi Mtutsi walikuwa wanatumwa pamoja kwenye tukio moja. Kwa akili ya kijeshi huo ni ulinzi: habari inayothibitishwa na watu wawili wasiopendana ni ngumu kuigeuza silaha.

Baada ya Mei 2015 vita vya habari vilivuka mipaka kabisa. Waandishi wengi walikimbia. Waliobaki walianzisha SOS Médias Burundi mwezi huo huo, wakirusha sauti na maandishi kwenye mitandao ya kijamii, kwa sababu hakukuwa na redio ya kuwapokea. Waliokimbilia Kigali wakaanzisha Radio Inzamba na kuifufua RPA wakitangaza kwa intaneti. Familia moja mjini Bujumbura ilikuwa ikisikia habari ya saa moja jioni kutoka RTNB, kisha saa tatu usiku ikafungua simu na kusikia siku ile ile ikisimuliwa kama siku ya nchi nyingine.

Serikali zinajua thamani ya kitu hicho. Machi 2021, Burundi na Rwanda zilipokuwa zinajaribu kupatana, moja ya mambo ya kwanza yaliyowekwa mezani yalikuwa redio: Rwanda ikavitaka vyombo vitatu vya Warundi waliokuwa Kigali, RPA, Inzamba na Renaissance, visitishe matangazo. Katika mazungumzo ya zamani nchi zilikuwa zinarudishiana wafungwa na ng'ombe.

Na uongo haukuwa wa upande mmoja. Januari 2016 televisheni ya Ufaransa, France 3, ilionyesha video ya kutisha ya watu wanauawa, ikasema ni Burundi, mkoa wa Karuzi. Warundi waliitazama mara moja wakashangaa. Waliokuwa wakizungumza kwenye ile video hawakuzungumza Kirundi. Picha zile zilitoka Nigeria. Kituo kikakiri kosa, lakini hasara ilikuwa imekwisha kupatikana, tena mara mbili. Kwanza, watu wa nje waliamini jambo ambalo halikutokea. Pili, na hili ndilo baya zaidi, waliokuwa wanafanya maovu ya kweli walipata jibu la kutumia miaka mingi: si mnakumbuka ile video ya Karuzi? Picha moja ya uongo huzika kumi za kweli.

Nimekuwa naitumia video hiyo darasani, bila kuionyesha. Ninawauliza wanafunzi: kama si lugha, mngejuaje? Wanajibu vizuri kuliko watu wazima. Namba za magari. Sare za askari na kofia zao. Kama ardhi ni nyekundu au mchanga. Migomba ipo au haipo. Msichana mmoja alisema angeangalia kanga na vitenge vya wanawake, kwa sababu vitenge vinavyouzwa Bujumbura anavijua kwa toleo. Huyo ni binti wa mfanyabiashara, nadhani.

Hadi hapa nimezungumzia maneno na picha. Upo upande mwingine wa vita hivi ambao haumdanganyi mtu chochote, unazima tu. Mfano unaotajwa sana ni Estonia, nchi yenye watu milioni 1.3 hivi, ambayo Aprili 2007 ilihamisha sanamu ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya mji wa Tallinn. Kwa wiki kadhaa tovuti za serikali, mabenki na magazeti zikazidiwa na maombi bandia kutoka kompyuta za dunia nzima. Desemba 23, 2015, wavamizi waliingia katika kompyuta za mashirika ya umeme ya magharibi ya Ukraine na kuwazimia umeme wateja wapatao 230,000 kwa saa kadhaa. Walifanya jambo moja zaidi ambalo mimi naliona la kishetani: walizijaza simu za huduma kwa wateja kwa simu za bandia, ili mtu aliyeko gizani asipate hata wa kumuuliza. Na Februari 24, 2022, muda mfupi kabla ya majeshi ya Urusi kuingia Ukraine, modemu za setilaiti makumi ya maelfu ziliuawa kwa mpigo mmoja.

Hayo ni ya mbali. La karibu ni Kenya.

Mwishoni mwa Julai 2023 Wakenya waliamka na kukuta mfumo wa eCitizen, wenye huduma za serikali zaidi ya 5,000, hauingiliki. Pasipoti, viza, usajili wa biashara, vyote vimesimama. Kununua umeme wa luku kwa simu kukawa shida, tiketi za treni zikawa shida, na M-Pesa yenyewe ikayumba. Waziri wa habari na mawasiliano wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha kwamba mfumo umeshambuliwa, akasema hakuna taarifa za watu zilizopotea. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitangaza kuwa ndilo lililofanya, kwa madai kwamba Kenya inaingilia mambo ya Sudan.

Hapo tazama jinsi vita vilivyosafiri. Vita vya Sudan vilianza Khartoum Aprili 15, 2023. Kenya haikupeleka askari hata mmoja. Rais William Ruto alikuwa amepewa kuongoza jopo la IGAD la kutafuta suluhu, na jeshi la Sudan likamkataa likisema anaegemea upande wa pili. Miezi mitatu baada ya risasi ya kwanza, mama wa Nakuru anashindwa kununua umeme. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani waliwataja ndugu wawili raia wa Sudan kuwa ndio waliokuwa nyuma ya kundi hilo. Ndugu wawili, si brigedi mbili.

Wasomaji walioniuliza linafanywaje, nawaeleza kwa mfano wa soko la Ruvumera pale Buyenzi. Duka lako lina kaunta moja. Asubuhi wanakuja watu elfu tatu. Hawaibi, hawavunji kitu, wala hawatukani. Kila mmoja anauliza bei ya sukari, anajibiwa, anarudi nyuma ya mstari na kuuliza tena. Mteja wako wa kweli yuko nje barabarani na fedha mkononi na hawezi kukufikia. Jioni unafunga bila kuuza kilo moja, na polisi akija hakuna wa kumkamata kwa sababu kuuliza bei si kosa. Badala ya watu elfu tatu weka kompyuta zilizotekwa, ambazo wenyewe hawajui kwamba zinatumiwa.

Tukirudi kwetu, mfanyabiashara wa Bujumbura hakai tena na fedha zote kwenye kibindo. Fedha ziko Lumicash au EcoCash, anayemdai yuko Kigoma, anayemdaiwa yuko Uvira, bei anaipata kwa sauti ya WhatsApp. Mtandao ukizimwa, iwe na adui, iwe na serikali, iwe na mvua, kwake yote ni sawa. Tanzania intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, na kwa siku kadhaa watu wa huku hawakujua kama mzigo wao uko Kigoma au uko Dar es Salaam. Uganda ilizima Januari 2021 wakati wa uchaguzi, ikazima tena Januari 2026. Wafanyabiashara niliozungumza nao hawabishani juu ya siasa ya jambo hilo. Wanauliza tu kama tarehe ya uchaguzi wa jirani inajulikana mapema, ili wakusanye madeni kabla.

Mashariki ya Congo silaha zote hizi zinatumika kwa pamoja. M23 iliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu Februari. Umoja wa Mataifa umelalamika kwamba mawimbi ya GPS yanavurugwa katika eneo la mapigano, jambo linalozihatarisha hata ndege za misaada. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walikuwa wametoa ripoti Juni 2024 wakieleza juu ya akaunti zaidi ya 400 kwenye mtandao wa X zilizokuwa zikiandika kwa pamoja kuisifu serikali ya Rwanda, na kwamba maandishi mengi yalitungwa na kompyuta. Hawa si watu elfu tatu wanaouliza bei ya sukari. Ni mtu mmoja anayejibadilisha sauti mpaka soko zima lionekane linasema neno moja. Na upande wa Kinshasa nako hakukosekani wanaotoa picha za zamani na kuziita za leo, wala wanaowasema vibaya Wanyamulenge wote kwa jumla. Maneno ya namna hiyo tuliyasikia kabla ya usiku wa Agosti 13, 2004, pale Gatumba, ambapo wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa kambini mwao, kilomita chache tu kutoka mpakani.

Kuna la kisheria pia ambalo wenye vikundi vya WhatsApp wafahamu. Oktoba 2019 waandishi wanne wa gazeti la Iwacu walikwenda Bubanza kufuatilia habari za mapigano na wakakamatwa. Katika ushahidi uliotumika dhidi yao ulikuwemo ujumbe wa simu ambao mmoja wao alimwandikia mwenzake, kwa utani, kwamba wanakwenda kuwasaidia waasi. Januari 2020 walihukumiwa miaka miwili na nusu, wakasamehewa na rais Desemba mwaka huo. Utani una sauti na uso. Ukiandikwa kwenye simu hubaki na maneno tu, sawa na ile "ngo" iliyodondoka.

Mambo mengine yamerejea kidogo kidogo. Isanganiro na Rema FM ziliruhusiwa Februari 2016. Bonesha FM ilirudi hewani Februari 2021. BBC, iliyosimamishwa Mei 2018 na kufungiwa kabisa Machi 2019, iliruhusiwa tena mwaka 2022. Kati ya 2015 na kurudi kwa redio hizo, kizazi kizima cha wanafunzi wangu kilikua bila kuzoea kusikia redio mbili zikipishana. Kwao habari ni kitu kinachokuja kwenye simu kutoka kwa binamu. Nikiwaambia kuwa zamani mzee alikuwa anasikiliza vituo vitatu kabla ya kuuza ng'ombe wanacheka.

Wanaofanya hivyo mpaka leo ni akina mama wa Gatumba. Desemba 2025, siku chache baada ya marais wa Congo na Rwanda kutia sahihi makubaliano yao Washington, M23 ilikuwa inateremka bonde la Ruzizi kuelekea Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakaanza kuvuka kuja Burundi. Simu zilijaa. Uvira imeanguka, Uvira haijaanguka, daraja limevunjwa, daraja lipo, Warundi wanapigwa, Warundi wanapokelewa. Bei ya unga upande wa huku ilipanda na kushuka ndani ya mchana mmoja kwa ujumbe ambao hakuna aliyejua umeandikwa na nani. Ninashuku baadhi yake uliandikwa na wenye unga. Desemba 10 M23 iliingia mjini kweli, na siku chache baadaye ikatangaza kwamba itaondoka kwa ombi la Marekani.

Mama mmoja anayevusha mawese na vitenge, mhungukaji kama mimi, aliyekulia Ulyankulu, alinieleza alivyofanya wiki ile. Hasomi vikundi. Ana namba tatu: mwendesha pikipiki wa Kavimvira, muuza samaki wa Mulongwe, na shemeji yake anayekaa karibu na bandari. Anawapigia kwa sauti, hawaandikii, na hawaulizi kumetokea nini.

"Mwalimu, mimi nauliza unaona nini mbele yako sasa hivi," alisema. "Akiniambia watu wanasema, nakata. Salio lenyewe ghali."

Nikamuuliza, "Na siku ile mama, walikwambiaje?"

Mwenye pikipiki alisema anaona askari wanapita kwa miguu bila mizigo, wanaelekea kusini. Muuza samaki alisema anaona maduka ya Wahindi yanafungwa saa nne asubuhi. Shemeji hakupokea. Alipiga mara tano. Akashusha madumu yake kumi na mawili ya mawese kwenye kibanda cha mtu anayemfahamu pale Gatumba, akalipia ulinzi wa siku tatu, akapanda basi kurudi Buyenzi.